Huolewa, huachwa, hujifungua

Bibi kizee wa kijiji kimoja cha Ghana anapashwa habari: mjukuu wake aliye mjini kapasuliwa tumbo, mtoto katolewa. Walioleta habari wanazungumza wote kwa mpigo, huyu anadakia kabla yule hajamaliza, na katika makelele yale bibi anasikia jambo moja tu. Kwa umri wake na kwa aliyoyaona, mtu hapasuliwi tumbo akabaki hai. Anapanda lori kwenda Cape Coast akiwa amejiandaa kuurudisha mwili nyumbani ukazikwe na wenyewe. Njiani abiria wanamliwaza, wanamhoji, wanabishana wao kwa wao. Hospitalini anataja jina la mjukuu wake, jina walilompa wao. Hakuna anayelijua. Binti mmoja anayejifunza uuguzi anamcheka.

Hadithi hiyo inaitwa “The Message”. Iliandikwa na Ama Ata Aidoo, na imo katika mkusanyiko wake wa No Sweetness Here uliotoka mwaka 1970. Karibu yote ni maneno ya watu; mwandishi amejificha nyuma ya midomo yao. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na niliyemwona mbele yangu hakuwa bibi wa Ghana. Nilimwona shangazi yangu.

Tulikuwa tumekwenda naye hospitali kumtafuta mke wa binamu yangu, aliyekuwa amepelekwa usiku akiwa na uchungu. Dirishani tukaulizwa jina la mgonjwa. Shangazi akasema “Mama fulani”, kwa jina la mtoto wa kwanza, kama tulivyomwita sote. Muuguzi akapekua daftari, akatikisa kichwa, akauliza jina lake hasa. Shangazi akanitazama, nami nikamtazama. Miaka tisa mwanamke yule alikuwa akipika nasi misibani, akiosha maiti zetu, akitubebea watoto wetu, na kati yetu wawili hakuna aliyelijua jina lililoandikwa kwenye kadi yake ya kliniki. Tukazunguka kitanda kwa kitanda mpaka tukamkuta, mtoto yuko ubavuni, mama hajambo. Shangazi alikaa chini sakafuni akalia. Sikujua wakati ule kama alilia kwa furaha au kwa haya.

Kila mwalimu wa sarufi amewahi kusimama darasani akasema mwanamume huoa na mwanamke huolewa, akaendelea na somo. Ila orodha ni ndefu kuliko hapo. Binti huchumbiwa, huposwa, hutolewa mahari, huozwa, huolewa, hupelekwa kwa mumewe, hutiwa mimba. Mambo yakiharibika huachwa, hupewa talaka, hurudishwa kwao. Mlolongo wote huo yeye ni wa kutendwa. Kisha katikati yake lugha inageuka ghafla: hujifungua. Hakuna anayemfungua, anajifungua mwenyewe, na kuanzia hapo vitenzi vinakuwa vyake. Hunyonyesha, hubeba, hulea, huzika. Ndiyo maana yule bibi wa “The Message” alitetemeka. Hakuambiwa mjukuu wake amejifungua, aliambiwa amefunguliwa.

Hadithi fupi zilizonigusa zaidi kuhusu maisha ya wanawake zinakaa kwenye mshono huo, pale kutendwa kunapokutana na kutenda. Na katika Afrika sijaona waliouchunguza mshono huo kwa karibu kuliko wanawake wawili waliotoa mikusanyiko yao ya kwanza kwa kupishana miaka miwili tu: Grace Ogot wa Kenya, mwaka 1968, na Aidoo wa Ghana, mwaka 1970.

Chukua kitenzi kuozwa. Kina baba ndani yake. Sisi Tanzania tulikiandika mpaka kwenye sheria: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akitakiwa afike 18. Rebeca Gyumi alilipeleka suala hilo Mahakama Kuu na kushinda mwaka 2016. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaafiki hukumu ile. Nilizifuata habari hizo magazetini, vifungu na namba zake, na kila mara nilirudi kwenye hadithi ya Ogot ambayo haina kifungu hata kimoja, nikakuta jambo lile lile limemfika binti mmoja.

Binti huyo ni Oganda. Nchi imekauka, mifugo inakufa, na mganga wa mvua amemfikishia chifu Labong'o matakwa ya wahenga: binti yake apelekwe ziwani, akaliwe na zimwi, ndipo mvua inyeshe. Chifu anawakusanya ndugu. Oganda anaambiwa atoke wakubwa washauriane, na hapo Ogot anafanya jambo ambalo nikilikumbuka usiku usingizi unakatika. Yule binti, akisubiri nje, anaamini wanazungumza posa yake. Wazee wameitwa, sauti zimeshushwa, mama yake hana la kusema. Kitu gani kingine kama si mume? Anaanza kuwapitia vijana mmoja mmoja akilini mwake, yupi ataletwa, na anamkumbuka Osinda, ambaye ndiye anampenda.

Hakosei kwa ujinga. Dalili ni zile zile. Watu watapika, watacheza ngoma, atasifiwa kuliko alivyowahi kusifiwa maishani, kisha atasindikizwa mpaka mahali fulani na kuachwa aendelee peke yake. Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa yote mawili: mwali hutolewa, na kafara hutolewa. Ogot aliandika hadithi hii kwa Kiingereza na lugha ya mama yake ilikuwa Dholuo, lakini msomaji aliyelelewa na Kiswahili anaikuta imemkaa shingoni kwa namna yake.

Minya, mama wa Oganda, ana mtoto huyo mmoja tu. Mumewe ana wake wengine na watoto wengine. Wanakijiji wanafurahi usiku ule, na Ogot hawafanyi kuwa watu wabaya. Wana kiu. Watoto wao nao wanakufa. Anayelia ni mama mmoja, na kilio cha mtu mmoja katikati ya shangwe ya watu wote kinageuka kuwa jambo la kuvunja heshima. Nimeona harusi za namna hiyo. Mama wa bibi harusi anafuta machozi kwa pembe ya kanga, wanawake wanampigia vigelegele masikioni, wanamwambia usilie, leo ni siku ya furaha.

Osinda anamwahi Oganda ukingoni mwa ziwa, anamfunika kwa majani wasionekane na macho ya wahenga, wanatoroka pamoja. Kisha radi inapiga na mvua inamwagika. Zimwi halijala mtu, na mvua imenyesha hata hivyo. Ogot haelezi kitu, anaiacha inyeshe. Mimi hubaki nikiwafikiria mabinti wote waliotolewa kabla yake, ambao hakuna aliyewawahi.

Hadithi hiyo Ogot aliisikia kwa bibi yake. Kwanza aliiita “A Year of Sacrifice”, na aliisoma mbele ya waandishi wa Afrika waliokutana Makerere Juni 1962. Ilipoingia katika kitabu chake cha Land Without Thunder ikawa “The Rain Came”. Alizaliwa Asembo, Nyanza, mwaka 1930. Alisomea uuguzi Uganda na ukunga Uingereza, akahudumu Maseno, akatangaza redioni London, na miaka ya 1980 akaingia bungeni na kuwa waziri msaidizi. Alifariki Machi 2015. Aliwahi kusimulia kwamba alipopeleka hadithi zake za mwanzo kwa wachapishaji wa enzi ya ukoloni, meneja hakuelewa ilikuwaje mwanamke Mkristo aandike habari za makafara na waganga badala ya habari za wokovu.

Mimi naona mkunga ndiye hasa wa kuziandika. Mkunga anakesha na mwanamke mahali ambapo uhai na kifo vinapitia mlango mmoja. Anajua nani alikuja kumwona mzazi na nani hakuja. Anajua mume aliuliza nini kwanza: mama yu hali gani, au ni mtoto gani. Soma “The Bamboo Hut” uone: chifu Mboga ana wake wengi na mabinti wengi, anamtamani mtoto wa kiume, na mke mmoja anajifungua pacha, wa kiume na wa kike. Mama yule anamficha binti, anamwacha kisimani aokotwe na wapita njia, ili arudi nyumbani na furaha isiyo na doa. Uamuzi wote wa hadithi unapita katika dakika chache za mwanamke aliyejifungua akiwa peke yake. Nadhani asiyewahi kuhudumu wodi ya wazazi asingejua kwamba dakika hizo zipo.

Sitasema kila hadithi ya Ogot imekaa sawa. Nyingine anaziharakisha, mtu anakufa kabla hatujamzoea, na mazungumzo wakati mwingine hukakamaa, Kiingereza kikiwabana wahusika kama kiatu kipya. “Elizabeth” ina kasoro hizo zote, na bado siwezi kuiacha. Ni karani wa kike mjini Nairobi, msichana mwenye bidii, mchumba wake yuko masomoni ng'ambo. Ameshahama kazi kwa sababu ya mabosi wasiotuliza mikono. Anampata bosi mwingine, anamwamini, na huyo ndiye anayembaka. Anashika mimba. Elizabeth anajiua.

Mwaka 1968 Ogot hakumwonea Elizabeth mahali pa kwenda, na nikitazama huku na huku katika mji aliouchora, nami sipaoni. Karibu nusu karne baadaye Mohamed Khelef Ghassany aliandika “Mame Bakari”, hadithi fupi ya Kiswahili iliyosomwa na maelfu ya wanafunzi wa sekondari Kenya katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Msichana wake, Sara, anabakwa usiku akirudi nyumbani kutoka masomo ya ziada. Kurasa nyingi tunakaa ndani ya kichwa chake, tukiogopa naye: baba atasema nini, shule itamfukuza lini, wenzake watamwangalia kwa jicho gani. Anachungulia shimo lile lile alilotumbukia Elizabeth. Kinachobadilisha mambo ni mlango mmoja. Mwalimu mkuu, ambaye tulimtarajia kuwa hakimu, anakataa kumfukuza. Sara anapata nyumba ya kukaa mpaka ajifungue, na shule ya kurudi.

Wapo wanaosema mwisho huo ni wa kuridhisha mno. Sikubaliani nao. Huku kwetu Tanzania ilibidi kungoja mpaka Novemba 2021 serikali itangaze kwamba msichana aliyejifungua anaweza kurudi katika shule rasmi. Hadithi yenye mwalimu anayefungua mlango ilikuwa na kazi ya kufanya katika akili za walimu, kabla ya waraka wowote.

Jina la hadithi hiyo linanirudisha dirishani kwa muuguzi. Mame Bakari: mama yake Bakari. Msichana ana jina lake, Sara, lakini kichwa cha hadithi kinampa jina la mtoto. Kuna wanaoliona jambo hili kuwa ni kumfuta mwanamke. Mama yangu angewashangaa, kwani hakuna anachopenda kama kuitwa kwa jina la kaka yangu mkubwa. Anasema jina alilozaliwa nalo alipewa na watu, hili amelipata kwa uchungu wake. Ninamwamini. Ninamkumbuka pia mke wa binamu yangu, kitanda cha mwisho kabisa dirishani, akitungojea huku sisi hatujui tumwulizie kwa jina gani. Yote mawili ni kweli, na sijapata njia ya kuyapatanisha.

Aidoo alikuwa na sikio ambalo Ogot hakulipata. Alizaliwa 1942 katika nchi ya Wafante, akasoma Legon, na tamthilia yake ya kwanza ilichezwa angali mwanafunzi. Mwaka 1982 aliteuliwa kuwa waziri wa elimu wa Ghana, wadhifa alioushika kwa muda mfupi. Alifariki Mei 2023. Alikuwa akieleza kwamba si lazima sisi tuandike kwa ajili ya msomaji peke yake, kwamba hadithi inaweza kuandikwa kwa ajili ya msikilizaji. Ukimsoma kwa sauti unaelewa. Kuna hadithi yake ambayo mwanzo hadi mwisho ni wanawake wawili wakitembea kwenda mazikoni, wakiongea habari za marehemu, na huelezwi chochote zaidi ya wanayoyasema. Mtu aliyekulia kwenye mabaraza ya pwani, akasuka ukili au kuchagua mchele na wakubwa wake, hahitaji kufundishwa kusoma hadithi ya namna hiyo. Tulijua habari zote za mtaa kwa njia hiyo, nusu sentensi kwa nusu sentensi, na mahali pa siri kubwa ni kikohozi tu.

Hadithi iliyokipa kitabu jina lake, kwa Kiswahili tuseme “Hapana Utamu Hapa”, inasimuliwa na mwalimu wa kike wa kijiji cha Bamso. Watoto wanamwita Chicha. Amempenda mwanafunzi wake mmoja, Kwesi, mtoto wa miaka kumi aliyejaliwa uzuri usio wa kawaida, na kwa sababu hiyo amezoeana na mama yake. Jioni mwalimu anafika kwa Maami Ama, wanazungumza. Mwalimu anamsifu mtoto, anatania kwamba siku moja atamwiba aende naye ng'ambo. Mama anacheka kwa wasiwasi, maana mtoto wa pekee hasifiwi hivyo mbele za watu. Hilo halihitaji tafsiri kwetu. Kila mama wa Kiswahili aliyesikia mwanawe anasifiwa kupita kiasi ameshasema mashaallah kwa haraka ili kuzuia kijicho.

Maami Ama ameolewa na Kodjo Fi, ambaye ana wake wengine na hana habari naye. Siku ya sherehe ya mwaka, kijiji kimejaa watu na chakula, ndoa ile inaletwa barazani kuvunjwa. Koo mbili zinakaa. Maneno yanayotupwa pale ni ya kuumiza, na Aidoo anatuacha tuyasikie kama wapita njia waliosimama mlangoni. Suala la mume linaisha upesi, kwa kuwa ndoa ilikuwa imeshakufa. Mabishano makubwa ni juu ya Kwesi: atakaa na nani. Yaani mwanamke aliyeolewa na akaachwa, vitenzi viwili vya kutendwa, anasimama mbele ya watu akitetea kile kimoja ambacho alikitenda mwenyewe.

Na kabla maneno hayajapoa, habari inafika. Mtoto ameumwa na nyoka.

Kwesi anakufa. Mabishano yote yale yanabaki hewani bila cha kugombewa. Mwishoni mwalimu anamkuta Maami Ama chumbani amepiga magoti, amekumbatia kifuani madaftari ya mwanawe na sare yake ya shule. Hakuna anachosema, na Aidoo hamsemei.

Niliwahi kuisoma hadithi hii na kundi la wanawake wa rika langu, kila mwezi tulikuwa tukikutana kwa mmoja wetu. Mmoja, mwanasheria, alikasirika. Alisema mwandishi amemwadhibu mwanamke ambaye hakukosa lolote. Kwamba mtoto ameuawa ili sisi tulie. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Nimelifikiria neno lake kwa miaka, na jibu langu ni hili. Sisi tuna mazoea ya kumwambia mwanamke aliyeumizwa na ndoa: vumilia, una watoto. Ameachwa? Mshukuru Mungu, una mtoto. Mume hana habari naye? Lea mwanao. Tunamkabidhi mtoto wa miaka kumi kazi ya kuwa malipo ya dhuluma yote aliyotendewa mama yake. Aidoo anauondoa mkono huo aliokuwa ameegemea, kisha anatuuliza kimya kimya kama tuna kingine cha kumpa. Katika hadithi hakuna anayekuja na kingine. Anakuja mwalimu mmoja tu, na anasimama mlangoni.

Lugha yetu ina neno moja, uchungu, kwa maumivu ya kuzaa, kwa huzuni ya kufiwa na kwa ladha ya shubiri. Tunaposema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, yote matatu yamo. Hapana utamu hapa: Mswahili angeweza kulifasiri jina la kitabu kile kwa neno hilo peke yake.

Nisije nikamfanya Aidoo kuwa mwandishi wa matanga tu. “A Gift from Somewhere” inamweka mama mbele ya mtoto mchanga aliyelegea, na mganga anayepita, akimwona mtoto anakata roho, anamwambia ataishi, kisha anajiondokea haraka kabla uongo wake haujaonekana. Mtoto anaishi. Na katika “The Girl Who Can”, ya miaka ya 1990, yupo Adjoa, mtoto wa miaka saba mwenye miguu myembamba. Bibi yake, Nana, hachoki kusema miguu ile haifai, maana mwanamke anahitaji miguu yenye nyama ya kushika nyonga, na nyonga za kuzalia. Mtoto wa miaka saba tayari anapimwa kwa watoto atakaowazaa. Siku moja Adjoa anachaguliwa kukimbia mashindano ya shule za wilaya, na miguu ile inawashinda wote. Nana, aliyekuwa akiifua sare ya mbio kwa mikono yake, analipokea kombe la ushindi na kulibeba mgongoni mpaka nyumbani, kama mtoto kwenye mbeleko. Kila ninapofika hapo nasimama. Bibi hajajua njia nyingine ya kubeba kitu cha thamani.

Nimeiweka mwisho ninayoipenda kuliko zote, “Certain Winds from the South”. Ni kaskazini ya Ghana, biashara ya kola imelala, na kijana Issa anakuja jioni kumwambia mama mkwe wake kwamba anakwenda kusini kutafuta kazi. Amesikia huko watu wanalipwa kukata majani. Mkewe, Hawa, amejifungua siku kumi zilizopita, yumo ndani amelala. M'ma Asana hapigi kelele. Huku kaskazini majani wanayachoma, na huko kusini mtu analipwa kuyakata. Hilo analizungusha kichwani, halimwingii. Lakini aliwahi kuliona jambo hili. Mume wake mwenyewe aliondoka hivyo hivyo akaenda kuwa askari, akafia vitani, akamwachia mtoto wa kulea peke yake. Mtoto huyo ndiye Hawa.

Kulipokucha anamwamsha binti yake na kumweleza yote mawili, la mumewe na la baba yake, aliyokuwa hajawahi kumsimulia kwa ukamilifu. Hadithi ya mama inamfika binti siku ambayo imekuwa hadithi ya binti. Sijui mwandishi mwingine aliyeufupisha urithi wa wanawake kwa kurasa chache namna hiyo. Kisha M'ma Asana anajifunga nguo aende sokoni. Anamwagiza Hawa amwogeshe mtoto mapema. Pesa ni kidogo, lakini leo, hata zikiisha zote, atanunua samaki wa kukaushwa kwa moshi, mkubwa kuliko wote atakaowaona, wapike mchuzi wa kueleweka.

Mwaka juzi nilimsimulia mama yangu hadithi hiyo. Alikuwa amekaa kwenye mkeka anamenya vitunguu, macho yanamtoka machozi, na sikutaka kuuliza kama ni vitunguu. Nilitarajia atauliza kama Issa alirudi. Kila mtu niliyemsimulia ameuliza hivyo.

“Siku kumi tu,” alisema. “Hajatoka hata arobaini.”

Akamenya kitunguu kingine, akakikata, akatia sufuriani.

“Na huyo samaki alimpata?”

Nikamwambia hadithi inaishia mama akitoka kwenda sokoni.

“Alimpata,” akasema mama. “Mzazi hapewi dagaa.”